Maswali ya wasomaji: Baba karudi nyumbani, uti wa mgongo bado

Barua za toleo hili zimetoka Mafinga, Makete, Uyole, Njombe, Tukuyu, Vwawa, Iringa mjini na Mbalizi. Karibu wote mnauguza baba aliyeumia uti wa mgongo: huyu kaangukiwa na gogo, yule bodaboda, mwingine kadondoka kutoka juu ya mparachichi. Hospitali imemruhusu na wauguzi sasa ni ninyi. Wanaojibu ni muuguzi wa wodi ya mifupa na mtaalamu wa fiziotherapia. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Vyuma vimewekwa, mbona hatembei?

*Baba aliangukiwa na gogo wakati wa kupakia lori. Amefanyiwa operesheni, kawekewa vyuma, na daktari akasema imekwenda vizuri. Mbona hatembei? Usiku miguu inaruka yenyewe, babu anasema huo ni uhai unarudi. Shangazi kampata mkandaji. Tumruhusu? Kijana, Mafinga.*

Daktari hakukudanganya. Ndani ya pingili za mgongo unapita uti wenyewe, mshipa mkuu wa fahamu unaopeleka amri za ubongo chini na kurudisha hisia juu. Gogo lilivunja pingili, na pingili ikauumiza uti. Operesheni inaondoa kinachobana na kuzifunga pingili zisicheze, ili mgonjwa aketishwe mapema bila kuumia zaidi. Haiushoni uti. Kwa hiyo operesheni inaweza kwenda vizuri na miguu isitembee.

Siku ya kliniki muulizeni daktari mambo mawili: uti umeumia usawa wa pingili gani, na je, umekatika mawasiliano yote au sehemu. Jibu la pili hupatikana kwa kumpima hisia mwili mzima hadi njia ya haja kubwa, kisha anapewa herufi kuanzia A hadi E. A maana yake ni kwamba hata pale hakuna hisia wala kubana. E ni kwamba misuli na hisia vyote viko sawa. Aliyebaki na hisia kidogo mahali hapo ana matumaini makubwa kuliko asiye nayo, hata kama miguu ya wote wawili imelala. Kipimo kirudiwe, kwa sababu wiki za kwanza uti huwa kwenye mshtuko wa jeraha na unaweza kuonekana umeharibika kuliko ulivyo. Nguvu nyingi zinazorudi hurudi ndani ya miezi 6 hadi mwaka wa kwanza. Baada ya hapo hurudi kwa taratibu sana.

Kuhusu miguu kuruka, mwambie baba akunje kidole gumba cha mguu wa kulia. Akikikunja ukisema "kunja" na kukiacha ukisema "acha", zaidi ya mara moja, hiyo ni amri kutoka kwenye ubongo, andika tarehe na umwambie daktari. Mguu ukiruka kwa sababu blanketi limevutwa au unyayo umeguswa, huo ni mshtuko wa misuli iliyokosa amri kutoka juu. Tafadhali msishangilie mshtuko mbele yake, maana ataujengea matumaini na kila wiki utamvunja moyo. Mshtuko si adui, lakini ukiongezeka ghafla ni taarifa: kibofu kimejaa, choo kimekuwa kigumu, kuna kidonda, au ukucha umeingia nyamani. Tafuteni hadi mpate.

Mkandaji, hapana. Mfupa unahitaji kama miezi 3 kuunga hata ukiwa na vyuma. Mguu usiotumika mifupa yake hudhoofika, unaweza kuvunjika mikononi mwake na baba asilie. Tena damu huganda kwenye mishipa ya miguu iliyolala: ukiona shavu la mguu mmoja limevimba kuliko la pili na lina joto, msiuguse mguu huo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu bonge la damu likikandwa huweza kwenda kwenye mapafu.

Shangazi mpeni kazi iliyo bora. Asubuhi na jioni ashike kisigino kwa kiganja, asukume unyayo kuelekea kwenye goti, ashikilie sekunde 30, aachie. Kisha akunje goti na nyonga pamoja, anyooshe, apanue mguu kwa nje, aurudishe. Mara 5 hadi 10 kila kiungo, polepole. Ukivuta kwa haraka unauamsha mshtuko. Asipofanya, unyayo utalala chini kama wa mtu anayesimama kwa vidole, na siku baba atakapowekwa kwenye kitimwendo, mguu hautakaa juu ya pedeli.

Jambo la mwisho: kama alikuwa kazini kwa mtu, ulizeni kama mwajiri ametoa taarifa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Sheria yake ni ya 2008 na inagusa matibabu, utengamao na malipo ya ulemavu. Tunzeni fomu ya ruhusa, picha za eksirei na majina ya waliokuwepo.

Doa jeusi lisilouma

*Mume wangu ana mwezi tangu aruhusiwe. Juu ya makalio nimeona doa jeusi, ukubwa wa sarafu, haliumi. Baridi ya huku mnaijua: usiku naweka jiko la mkaa karibu na kitanda na chupa ya maji moto miguuni. Jirani kasema nilikande doa kwa spiriti, mwingine kasema nimkalishe juu ya mpira wa tairi. Mama, Makete.*

Mama, jiko na chupa ondoa sasa hivi, halafu urudi kusoma.

Miguu isiyohisi huiva mbele ya chupa ya maji moto na mwenyewe hajui. Tumepokea wodini visigino vilivyoungua hadi mfupa kwa chupa iliyofungwa kitambaa. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua nyumba nzima. Chupa itumike kupasha kitanda kabla hajalala, kisha itoke. Mvishe soksi za sufu zisizobana, ongeza blanketi, na maji ya kuoga upime kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake.

Doa haliumi kwa sababu uti haupeleki habari. Sisi usingizini hugeuka mara nyingi bila kujua, ngozi ikichoka inatuamsha. Ya mumeo hailalamiki. Mfupa unaibana nyama juu ya godoro, damu haipiti, na nyama huanza kufa kwa ndani karibu na mfupa kabla ya ngozi kuonyesha chochote. Ndiyo maana doa dogo linaweza kuwa na shimo kubwa chini yake. Kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu wa kwenye vitabu. Tafuta weusi ulioiva kuliko pembeni, kisha gusa kwa mgongo wa mkono: pana joto au ubaridi tofauti, pagumu, au panabonyea kama tunda lililoiva sana? Ukiondoa uzito na baada ya nusu saa doa bado lipo, hicho ni kidonda cha angalau hatua ya kwanza, hata ngozi ikiwa nzima.

Dawa yake ni moja: doa lisibebe uzito kabisa hadi rangi na ugumu virudi kawaida. Maana yake halali chali na haketi. Analala ubavu, kushoto na kulia, na kwa tumbo kama kifua na shingo vinaruhusu. Ubavu wenyewe usiwe wa kusimama wima juu ya nyonga, kwa sababu ngozi juu ya mfupa wa nyonga itatoboka nayo. Mwinamishe kidogo tu, uweke mto mgongoni umzuie, mto mwingine kati ya magoti, na mto wa tatu chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Kisigino kikigusa godoro, hujafanya kitu.

Mgeuzeni kila saa 2. Usiku gawaneni zamu: wewe saa 4 na saa 6, kijana saa 8 na saa 10, asubuhi saa 12 anageuzwa na anayeamka wa kwanza. Mtu mmoja hawezi zamu zote, ataanguka wiki ya pili. Ngozi ikishatulia kwa wiki kadhaa, jaribuni kila saa 3, kisha kila saa 4, mkikagua kila mara. Alama ikionekana, rudini mlikotoka.

Msimburute. Ngozi hubaki kwenye shuka wakati mfupa unasogea, inachanika kwa ndani. Tandika kitenge kilichokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili wakishike pembeni, wahesabu, wainue, wasogeze. Kitanda kisiinuliwe sana kichwani isipokuwa wakati wa kula, la sivyo huteleza taratibu na kujikwangua. Shuka lisiwe na mikunjo wala makombo ya mkate, na mpira wa mkojo usipite chini ya paja.

Godoro lipime hivi: mume akiwa amelala, ingiza kiganja kikitazama juu kati ya godoro na kitanda, chini ya makalio yake. Ukiuhisi mfupa, godoro limekwisha, hata kama lilinunuliwa juzi. Tafuta zito, la inchi 6 au zaidi.

Kukanda doa kunapasua mishipa midogo iliyobaki. Spiriti inakausha ngozi. Tairi ndilo baya kuliko yote: linabana duara lote na kuinyima damu ile sehemu ya katikati unayotaka kuiokoa.

Ikichanika, safisha kwa maji yaliyochemka na kupoa, lita 1 na vijiko 2 vya chai vya chumvi visivyojaa, funika kwa gozi safi, nenda zahanati. Ukiona nyama nyeusi, usaha unaonuka, mfupa, au homa, usiishie zahanati, nenda hospitali. Na ale: mayai, maharage, dagaa, maziwa. Ugali na mchicha peke yake haujengi nyama mpya.

Mkojo wenye chenga

*Baba ana mpira wa mkojo tangu Machi. Mkojo una chenga na unanuka. Tunanunua sipro duka la dawa, unatakata wiki moja, unarudi vilevile. Siku hizi amepunguza maji ili mfuko usijae. Binti, Uyole.*

Binti, maji ndiyo ya kuanza nayo. Mwenye mpira anywe lita 2 hadi 3 kwa siku, kidogo kidogo kuanzia asubuhi. Chenga ni mawe yanayoanza, na mkojo mzito huyakuza hadi yanaziba mpira. Mpira ukiziba mkojo hurudi kwenye figo. Kabla dawa hazijawa nyingi, figo ndizo zilizokuwa zikiwaua watu wenye jeraha hili, miaka mingi baada ya mgongo kupona.

Sipro, dawa ya kuua bakteria, iacheni. Mpira wowote uliokaa wiki kadhaa hupata bakteria, kwa hiyo mkojo wenye ukungu au harufu bila dalili nyingine si ugonjwa wa kutibiwa. Mkiendelea hivyo mnawafundisha bakteria kuizoea dawa, na siku ya homa ya kweli haitafanya kazi. Dalili za kweli ni homa, kutetemeka, damu, maumivu ya ubavuni, kuchanganyikiwa, au miguu kuruka kuliko kawaida. Hapo aende hospitali, mpira ubadilishwe kwanza, mkojo wa kupima utoke kwenye mpira mpya ili uoteshwe maabara, ndipo dawa ichaguliwe.

Mpira wa kawaida, ule wa lateksi, hubadilishwa kila wiki 2 hadi 4. Wa silikoni hukaa zaidi, hadi wiki 12. Andika tarehe kwenye mfuko kwa kalamu. Mfuko uwe chini ya kibofu muda wote, hata akibebwa, usilale sakafuni, umwagwe kabla haujajaa. Kwa mwanaume aliyelala, mpira ubandikwe kwenye tumbo la chini, uume ukielekea juu. Ukiachwa uning'inie kati ya mapaja, hutoboa njia ya mkojo kwa chini, na kidonda hicho hakizibiki kirahisi.

Kama mikono ya baba inafanya kazi, muulizeni daktari kuhusu njia iliyo bora: kuweka mpira mwembamba, kutoa mkojo, na kuutoa mpira hapo hapo, kila saa 4 hadi 6. Mtu mzima hutumia namba 12 au 14. Anafundishwa na muuguzi, kisha anafanya mwenyewe. Ananawa mikono kwa sabuni, ananawa uume, anapaka mpira jeli ya maji (si mafuta ya mgando, hayayeyuki kwenye mkojo), anaunyanyua uume kuelekea tumboni na kusukuma polepole. Ukigoma mwishoni, asilazimishe: avute pumzi, asubiri kidogo msuli ulegee. Mkojo ukianza kutoka asukume sentimita 2 au 3 zaidi, asubiri umalizike, autoe taratibu. Apime kwenye jagi. Ukizidi mililita 500 kwa mara moja, kibofu kimevutwa mno: aongeze idadi ya nyakati au apunguze maji ya jioni. Kwa njia hii maji ni kama lita 1.5 hadi 2, kwa ratiba. Pombe za kienyeji, ulanzi na komoni, huivunja ratiba hiyo kabisa, kibofu kinajaa ndani ya saa moja na mnywaji kasinzia.

Mpira wa namna hii umetengenezwa utumike mara moja. Familia inayolazimika kuurudia iuoshe ndani na nje kwa maji na sabuni mara tu baada ya kutumia, isukumie maji safi kwa bomba la sindano, iuning'inize ukauke na kuuweka kwenye chombo chenye mfuniko. Ukianza kuwa mgumu au kupauka, utupwe. Na kumbonyeza tumbo ili mkojo utoke, msifanye. Kila mwaka figo zipigwe altrasaundi.

Anaharisha, lakini tumbo limejaa

*Baba alikaa siku 6 bila choo, sasa anatoa majimaji kidogo kidogo kutwa nzima. Tumempa dawa ya kuzuia kuharisha. Njombe.*

Acheni dawa hiyo leo. Choo kigumu kimeziba njia, na maji maji yanapita pembeni yake. Zahanati wampime kwa kidole na kumfungua.

Baada ya hapo, choo kiwe na saa yake, kila siku au kwa kuruka siku moja, nusu saa baada ya chai ya moto au uji, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo wa chini huamka. Alale ubavu wa kushoto au aketi kwenye kiti cha choo. Kucha fupi, glavu, jeli nyingi. Kidole kiingie sentimita 2 hadi 4, kizungushwe taratibu sekunde 15 hadi 20, kitoke. Rudia baada ya dakika 5 hadi 10, hadi choo kiishe. Waliovunjika chini kabisa, kiunoni, msuli wao huwa umelegea na kuzungusha hakuuamshi: wao hutolewa choo kwa kidole kila siku, polepole. Muulizeni muuguzi baba yuko kundi gani. Parachichi, maharage na mboga zipo tele kwenu, lakini bila maji huongeza mzigo tu.

Mkamwana na baba mkwe

*Mimi ni mkamwana. Mume wangu anafanya kazi Tunduma, anarudi mwisho wa mwezi. Mama mkwe ni mzee. Kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe, sembuse kumuogesha. Anaona aibu, nami naona aibu, na anakaa na uchafu hadi jioni. Ndaga fijo (asante sana). Tukuyu.*

Dada, desturi hiyo ina uzito, na hatukuambii uivunje. Baba mkwe aliyepoteza miguu asipoteze na heshima mbele ya mke wa mwanawe.

Kazi ya ugonjwa huu ina pande mbili. Ya mwilini ni kugeuza, kuogesha, mpira na choo. Ya nje ya mwili ni maji, chakula, kufua na kuanika shuka juani, kuosha vifaa, kununua glavu, kuweka daftari la saa na kiasi cha mkojo. Hii ya pili ni yako, na ni nusu nzima ya uuguzi. Ya kwanza itafutiwe mwanaume: shemeji, mpwa, kijana wa jirani anayelipwa kwa saa 3 za asubuhi na saa 2 za jioni. Mama mkwe anaweza kukagua ngozi hata kama hawezi kuinua. Mume wako, akija mwisho wa mwezi, asije na pesa tu: aende na huyo kijana kwa muuguzi wa hospitali ya wilaya wafundishwe pamoja, kila mmoja ageuze na kuogesha mbele ya muuguzi.

Baba mkwe naye afundishwe yale yanayowezekana kwa mikono yake. Kioo kidogo chenye mpini kinamwezesha kutazama makalio yake mwenyewe. Mpira wa kuweka na kutoa unaiondoa aibu yote ya mkojo, kwa kuwa hakuna mwingine anayegusa.

Lakini itokee siku kijana hakuja, mzee amechafuka na ngozi inalowa: mfunike khanga, mwite jirani yeyote mwanaume, msisubiri jioni. Uchafu juu ya ngozi isiyohisi huichubua ndani ya muda mfupi.

Kichwa kilichopasuka ghafla

*Mzee wetu kavunjika shingoni. Juzi ghafla kichwa kilimgonga, uso ukawa mwekundu na jasho, miguu ya baridi. Zahanati presha ilikuwa 150 kwa 90, wakasema si mbaya sana, tukamlaza. Akazidi. Vwawa.*

Hili lisomwe na kila mwenye mgonjwa aliyeumia kuanzia chembe cha moyo kwenda juu.

Watu hawa presha yao ya kawaida ni ya chini, mara nyingi 90 hadi 110 ile namba ya juu. Kwao 150 ni hatari, inaweza kupasua mshipa kichwani. Kinachotokea ni kwamba kitu kinachokera chini ya jeraha, mara nyingi kibofu, hubana mishipa ya damu ya sehemu ya chini, na ubongo unashindwa kuituma amri ya kuilegeza.

Msimlaze. Mketisheni wima, miguu ining'inie, legezeni mkanda, viatu, soksi na kamba ya mfuko. Kisha mkojo: mpira umepinda, umekaliwa, mfuko umejaa? Unyoosheni. Umeziba? Ubadilishwe mara moja. Hana mpira? Awekewe. Mkojo ukitoka na kichwa hakijatulia, sababu ya pili ni choo, lakini kidole kisiingie bila jeli ya ganzi, maana kitaiongeza presha. Halafu kagueni ngozi, kucha na kende zilizokaliwa. Presha ipimwe kila dakika 5. Isiposhuka, hospitali, akiwa ameketi hata ndani ya gari.

Andikeni kadi aitembeze mfukoni: "Nimeumia uti wa mgongo shingoni. Presha yangu ya kawaida ni" na namba yake. "Nikiumwa kichwa ghafla niketisheni, angalieni mpira wa mkojo na choo." Muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kuliona tatizo hili ataishukuru kadi hiyo.

Na kwa kuwa ni shingo: msimwinue kwa kumvuta mikono, mabega yatatoka. Kama kiganja kinaweza kujinyanyua lakini vidole havifanyi kazi, msivinyooshe vidole wakati kiganja kimenyanyuliwa. Viachwe vikaze kidogo. Akinyanyua kiganja vitajikunja vyenyewe na kushika kikombe.

Kiti, mteremko na choo cha shimo

*Tumepewa kitimwendo cha msaada, ni kipana, baba analala upande. Nyumba iko kilimani Kihesa, ina ngazi 3, na choo ni cha shimo. Iringa mjini.*

Upana wa kiti ni upana wa nyonga zake akiwa ameketi, na nafasi ya kidole kila upande. Kirefu cha kukalia kiishie vidole viwili au vitatu kabla ya nyuma ya goti. Kiti kipana huinamisha mgongo na kuweka uzito wote kwenye kalio moja, pale pale panapotoboka. Msipopata kingine, fundi aongeze mbao na sponji pembeni. Mto wa kukalia ni wa lazima. Awe anainama mbele, kifua kuelekea magotini, dakika 2 kila nusu saa. Kujinyanyua kwa mikono sekunde chache hakutoshi kurudisha damu. Matairi yajazwe upepo kila wiki, kwa sababu breki hukamata tairi, na tairi laini kwenye mteremko wa Kihesa halikamatwi na breki yoyote.

Mteremko wa kupandia: kila sentimita 10 za kimo zinahitaji sentimita 120 za urefu. Ngazi 3 zenye sentimita 15 kila moja ni sentimita 45, kwa hiyo mita 5 na sentimita 40. Uwanja ukikosa, mteremko ukunjwe katikati na uwe na kituo bapa cha mita 1.5. Weka kingo pembeni, na saruji ikwaruzwe kwa fagio ikiwa mbichi ili isiteleze wakati wa mvua. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi.

Chooni, fundi wa kuchomelea atengeneze kiti cha bomba chenye tundu, kimo sawasawa na kitimwendo ili baba ahamie kwa kuteleza juu ya ubao laini. Kingo za tundu zifunikwe sponji na plastiki nzito. Asikae hapo zaidi ya dakika 15 au 20.

Hawaniulizi

*Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Wanangu wananigeuza, wananilisha, wanaamua kliniki. Wananipenda, najua. Lakini hakuna anayeniuliza. Usiku nimeanza kukataa kugeuzwa. Mbalizi.*

Mzee, shikamoo. Barua yako tumeiweka mwisho ili wanao waisome baada ya kusoma kazi zote hizo.

Hasira yako ina haki, ila usiitolee kwenye kugeuzwa, kwa sababu atakayelipa ni ngozi yako. Ichukue kazi ya usimamizi. Alamu ya simu ikae kwako, si kwa wanao: ikilia saa 8 usiku, wewe ndiye unayemwita wa zamu kwa jina na kumwelekeza, mto huu hapa, kisigino bado kinagusa. Daftari la mkojo liandikwe kwa kalamu yako kama mikono inaruhusu. Kliniki, daktari akimtazama mwanao, jibu wewe. Tarehe ya kubadilisha mpira, namba ya mpira wako, usawa wa jeraha lako, dawa zako na saa zake: mambo haya uyajue kwa kichwa kuliko mtu yeyote nyumbani. Wanao waulize kabla ya kugusa: "Baba, tukugeuze sasa?"

Ukiona usingizi umepotea kwa wiki 2, chakula hakipiti, au mawazo ya kufa yanakujia, mwambie daktari siku ya kliniki au kabla. Ni sehemu ya ugonjwa huu na ina matibabu.

Kuhusu kazi, hujasema ulikuwa unafanya nini. Wengi hurudi kwenye hesabu, ushonaji, ufundi simu, kuuza mazao kwa simu, kusimamia vibarua shambani ukiwa kwenye kiti. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mtume kijana kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata aulize masharti ya sasa. Afadhali zaidi, nenda naye wewe mwenyewe, asubuhi, baada ya choo na mpira, na mto wa kukalia usisahaulike.